Kuunda jozi ya monita za studio za njia mbili: mwongozo kamili, kutoka kasha hadi krosova

Wengi wanaojiundia monita za studio hukwama palepale. Kasha linatoka zuri, wufa (spika ya sauti za chini) na twita (spika ya sauti za juu) ni za maana, lakini sauti ya mwimbaji inatokea puani, matoazi yanachoma masikio, na miksi iliyosikika safi studioni inageuka uji ikipigwa kwingine. Lawama huangushiwa wufa. Mara nyingi kosa liko kwenye krosova, yaani saketi inayogawa masafa kati ya wufa na twita: imenunuliwa ikiwa tayari, au imekokotolewa kwa kikokotoo cha mtandaoni kinachodhani kila spika ni omu 8 tupu, popote inapofungwa.

Hapa tunafuata mpangilio mwingine: kasha kwanza, vipimo pili, krosova mwisho. Mfano wetu ni monita ya njia mbili isiyo na amplifaya ndani, yenye wufa ya inchi 6, twita ya kuba ya mm 25 na kasha lililozibwa kabisa.

## Mahitaji

Spika zenyewe, kwa jozi

- Wufa 2 za inchi 6, omu 8. Hesabu za mwongozo huu zinatumia wufa yenye Fs (masafa ya mvumo wake) Hz 45, Qts (jinsi mvumo huo unavyodhibitiwa) 0.40, Vas (ujazo wa hewa wenye unyumbufu sawa na wa koni) lita 16, Re (ukinzani wa koili ya sauti) omu 5.8, Le (induktansi ya koili hiyo) mH 0.5, unyeti desibeli 87, kipenyo cha koni cm 11 na fremu ya mm 156.
- Twita 2 za kuba za mm 25, omu 6, Fs Hz 950, unyeti desibeli 91, bamba la mm 104.

Namba zako zitatofautiana. Zichukue kwenye karatasi ya mtengenezaji na uziweke mahali pa hizi. Kama wufa haina karatasi yenye Fs, Qts na Vas, usiinunue.

Mbao na ufundi

- MDF ya mm 18. Kwa kila kasha: vipande 2 vya mm 200 × 300 (mbele na nyuma), 2 vya mm 200 × 192 (juu na chini), 2 vya mm 264 × 192 (ubavuni) na 1 cha mm 164 × 192 (kiimarisho cha ndani).
- Gundi ya mbao, klampu zisizopungua 6, ruta ya mbao yenye kifaa cha kukata duara, drili, msasa, na barakoa ya vumbi. Vumbi la MDF ni jembamba na lina kemikali ya gundi. Usikate bila barakoa.
- Pamba ya poliesta gramu 100 kwa kila kasha, utepe wa povu wa kuzibia, skrubu, vituo vya waya, na waya wa mm² 1.5.

Vipimo

- Maikrofoni ya kupimia yenye faili lake la marekebisho, na stendi yake.
- Kadi ya sauti yenye ingizo mbili na umeme wa volti 48 kwa ajili ya maikrofoni.
- Amplifaya yoyote safi, multimita, kipimo cha koili na kapasita, na rezista ya omu 100 ya asilimia 1.
- Programu mbili za bure: REW ya kupimia na VituixCAD ya kubunia krosova.

Vipuri vya krosova havimo kwenye orodha hii kwa makusudi. Ukivinunua kabla ya Hatua ya 6 utanunua mara mbili.

## Hatua ya 1: Kokotoa ujazo wa kasha

Kasha lililozibwa linasamehe makosa kuliko lenye bomba la hewa. Besi yake hushuka kwa desibeli 12 kila masafa yanapopungua nusu, wakati yenye bomba hushuka kwa desibeli 24. Tena haina bomba la kupuliza wala la kuvujisha sauti za kati. Kwa anayeanza, bomba ni mlango mwingine tu wa kukosea.

Kanuni yenyewe:

Ujazo = Vas ÷ ((Qtc ÷ Qts)² − 1)

Lengo la Qtc (Qts ya wufa ikishafungwa ndani ya kasha) ni 0.707, ambapo besi hushuka bila kuvimba kwanza. Kwa wufa yetu, 0.707 ÷ 0.40 ni 1.77. Kipeo chake cha pili ni 3.12, ukitoa 1 unabaki na 2.12. Gawanya 16 kwa 2.12 upate lita 7.5. Mvumo wa wufa ndani ya kasha utakuwa 45 × 1.77, yaani karibu Hz 80.

Mambo mawili husogeza hesabu hiyo. Koili ya krosova ina ukinzani wake. Ukiwa omu 0.4, Qts inapanda hadi karibu 0.42. Pamba ya ndani nayo hufanya kasha lijione kubwa zaidi. Kwa kujaza kwa kiasi, mawili haya karibu yanafutana, kwa hiyo baki na lita 7.5.

Ongeza nafasi inayoliwa na wufa (lita 0.4), kiimarisho (0.2) na krosova (0.2). Unapata lita 8.3 za ndani, na ndizo zinazotolewa na vipimo vya mm 164 × 264 × 192.

Kwa nini pande tatu ziwe tofauti? Kila jozi ya kuta zinazotazamana hujenga wimbi lililosimama. Hapa mawimbi hayo yanaangukia karibu Hz 650, 890 na 1,050. Kasha lingekuwa mchemraba, yote matatu yangerundikana mahali pamoja, katikati kabisa ya sauti ya binadamu.

Tahadhari. Kama Qts ya wufa yako ni 0.25, hesabu itakupa kasha dogo mno na mvumo wa Hz 127. Wufa hiyo ilibuniwa kwa bomba la hewa, usiilazimishe.

Jua pia mipaka ya unachokiunda. Koni ya cm 11 inayosogea mm 5 kila upande haiwezi kutoa zaidi ya desibeli 87 hivi kwa Hz 60, mita 1 mbele, ukuta usiposaidia. Krosova haiwezi kubadilisha hilo. Hii ni monita ya kusikilizwa kwa karibu, na anayetaka mtikisiko wa kifua aongeze sabufa.

## Hatua ya 2: Unga kasha

Paka gundi kwenye vipande vya juu, chini na ubavuni, vibane, kisha hakiki pembe kwa kupima mishazari miwili. Ikilingana, kasha limekaa mraba. Acha gundi ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, na usiharakishe.

Kiimarisho kitobolewe matundu makubwa hadi kibaki karibu theluthi moja au mbili kwa tano ya mbao yake, ili hewa ipite. Kikae mlalo, kikigusa mbavu zote mbili, mbele na nyuma. Mahali pake ni kati ya twita na wufa: kinaanza mm 110 kutoka ukingo wa juu na kuishia mm 128. Hapo hakiingilii tundu lolote, na kwa kuwa si katikati kamili, kinaigawa mbavu katika sehemu mbili zisizolingana. Zikilingana zitatetemeka kwa masafa yale yale.

## Hatua ya 3: Toboa uso wa mbele

Kitovu cha twita kiwe mm 64 kutoka juu, na cha wufa mm 202. Umbali wa wima kati ya vitovu ni mm 138. Masafa ya kukatia yatakuwa Hz 2,200, na hapo urefu wa wimbi ni mm 156. Vitovu vikiwa karibu kuliko wimbi moja, spika mbili zinasikika kama chanzo kimoja. Vikiachana zaidi, kichwa kikipanda au kushuka kidogo tu sauti inabadilika.

Sogeza twita mm 20 kutoka mstari wa katikati, ili umbali wake hadi kingo za ubavu uwe mm 80 na mm 120. Sauti inayofika ukingoni hurushwa upya kuelekea kwa msikilizaji. Umbali ukiwa sawa pande zote, marejeo yote yanagonga masafa yale yale na kuchimba shimo kwenye grafu. Monita ya kushoto na ya kulia ziwe kama picha kwenye kioo: kama twita ya moja imesogea ndani, ya pili nayo isogee ndani.

Zamisha bamba la twita na fremu ya wufa ndani ya mbao mpaka vilingane na uso. Kwa twita hilo si pambo, maana ngazi ya mm 4 mbele ya kuba inatosha kuharibu sauti za juu.

Nyuma ya tundu la wufa, chonga ukingo kwa mshazari ili wufa ipumue, lakini acha mbao nzima mahali skrubu zinapoingia na upande wa juu penye kiimarisho. Hili husahaulika kila mara. MDF ya mm 18 na tundu la mm 132 bila kuchonga ni kama bomba fupi nyuma ya koni.

## Hatua ya 4: Ziba, jaza, hakiki

Pitisha gundi kwenye maungio yote kwa ndani. Tandaza pamba kwenye kuta za nyuma, juu na chini, halafu jaza iliyobaki kwa ulegevu. Isiguse koni. Funga wufa na twita juu ya utepe wa povu. Unapokaza skrubu, shika ncha ya bisibisi kwa vidole, kwa sababu sumaku inaweza kuivuta hadi kwenye kuba la twita, na kuba lililotobolewa halitengenezeki.

Piga toni ya Hz 40 kwa sauti ya wastani na upitishe kiganja kwenye maungio, vituo vya waya na mzunguko wa fremu. Ukisikia mpumuo au mluzi, kasha linavuja.

Mafanikio yanaonekana hivi. Pima impidensi ya wufa (ukinzani wake unaobadilika kulingana na masafa) kwa REW ukitumia rezista ya omu 100 kwenye tundu la hedifoni la kadi ya sauti. Grafu iwe na kilima kimoja laini karibu na Hz 80. Kilima kikikaa chini sana au kikiwa kifupi na kipana, tafuta mvujo. Kijino kidogo karibu na Hz 650 ni wimbi la kimo cha kasha. Ongeza pamba juu na chini. Vijino kati ya Hz 200 na 500 kwa kawaida ni ubao unaotetemeka au skrubu iliyolegea.

## Hatua ya 5: Pima wufa na twita zikiwa ndani ya kasha

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoamua kila kitu.

Wufa uliyoiona kwenye karatasi ilipimwa kwenye ubao mkubwa sana. Kwenye uso wa cm 20, sauti za chini huzunguka kasha na kuenda nyuma, wakati za juu zinabaki mbele. Kiwango cha sauti za chini kinapungua kwa hadi desibeli 6, na katikati ya mteremko huo ni karibu 115 ÷ 0.20, yaani Hz 575. Hakuna kikokotoo cha omu 8 kinacholijua hilo. Ndiyo maana krosova za kununua hutoa sauti nyembamba yenye pua.

Mpangilio. Weka monita katikati ya chumba, twita ikiwa mita 1.2 kutoka sakafuni, na umbali kama huo au zaidi hadi dari na kuta. Maikrofoni ikae mita 1 mbele ya twita, kimo kile kile. Sauti inayodunda sakafuni inasafiri mita 2.6 badala ya 1, hivyo inachelewa kwa milisekunde 4.6 hivi. Kata dirisha la kipimo kabla ya hapo. Grafu yako itaaminika kuanzia Hz 215 kwenda juu, na chini ya hapo ni kelele za chumba.

Rejeo la muda. Unganisha toleo la pili la kadi ya sauti na ingizo lake la pili kwa waya, uchague rejeo hilo ndani ya REW. Bila rejeo, programu haijui sauti iliondoka lini, na fazi (wimbi limefika wapi katika mzunguko wake) utakayopata haitakuwa na maana. Usichomeke waya wa amplifaya moja kwa moja kwenye ingizo la kadi ya sauti, utaiunguza.

Vipimo vyenyewe, kwa utaratibu huu:

1. Twita peke yake, ufagio wa masafa (toni inayopanda kutoka masafa ya chini hadi ya juu) ukianzia Hz 500. Usianze chini ya hapo. Haina krosova ya kuilinda.
2. Wufa peke yake. Usiguse maikrofoni, usiguse sauti ya amplifaya. Maikrofoni ibaki mbele ya twita.
3. Zungusha monita kwa nyuzi 15, 30, 45 na 60 na urudie yote mawili kila pembe. Mhimili wa kuzungusha uwe uso wa mbele, si katikati ya kasha.
4. Wufa kwa karibu kabisa: maikrofoni mm 5 kutoka katikati ya koni. Kipimo hiki hakisumbuliwi na chumba na kinaaminika hadi karibu Hz 800.
5. Impidensi ya twita na ya wufa, kila moja kivyake, zikiwa kwenye kasha.

Kosa la kawaida ni kwenye namba 2. Mtu anahamisha maikrofoni hadi mbele ya wufa kwa kuona ndiyo haki. Kitovu cha sauti cha wufa kimerudi nyuma kuliko cha twita. Kikirudi mm 25, kwa Hz 2,200 hiyo ni tofauti ya fazi ya karibu nyuzi 58. Maikrofoni ikibaki palepale, tofauti hiyo inaingia yenyewe ndani ya vipimo. Ukiihamisha, umeitupa, na krosova itakayobuniwa itafanya kazi kwenye kompyuta tu.

Ndani ya VituixCAD, ungisha kipimo cha karibu na cha mita 1 kwenye Hz 300, ukiongeza kwanza athari ya uso wa kasha kwenye kile cha karibu. Hifadhi mafaili bila kulainisha grafu.

Mafanikio yanaonekana hivi. Wufa inapanda taratibu kwa desibeli 5 au 6 kati ya Hz 250 na 1,000. Ukirudia kipimo kile kile baada ya dakika 10, mistari inalaliana. Isipolaliana, kuna kitu kimesogea, anza upya.

## Hatua ya 6: Buni krosova kwenye kompyuta

### Wapi pa kukata

Twita isikatiwe chini ya mara mbili ya Fs yake, yaani Hz 1,900. Wufa nayo huanza kubana sauti kama tochi wimbi linapokaribia kipenyo cha koni. Kwa cm 11 hiyo ni Hz 3,100. Hz 2,200 inakaa vizuri kati ya hizo mbili.

Lengo ni mteremko wa desibeli 24 wa aina ya Linkwitz-Riley: kila spika iwe chini kwa desibeli 6 kwenye Hz 2,200, na fazi zao zilingane. Mteremko huo ni wa sauti inayofika kwenye maikrofoni, si wa umeme. Wufa na twita zina mteremko wao wa asili, hivyo koili moja na kapasita moja kwa kila upande hutosha kukamilisha.

### Thamani za kuanzia

Kwa wufa: koili ya mH 1.5 kwa mfululizo, kapasita ya µF 10 sambamba, na kisawazishi cha impidensi sambamba na wufa (rezista ya omu 7.5 ikifuatana na kapasita ya µF 10). Kisawazishi kinatokana na Re × 1.25 kwa rezista, na Le ÷ R² kwa kapasita. Bila hicho, impidensi inayopanda kwa sababu ya koili ya sauti huifanya kapasita isikate inavyotakiwa.

Kwa twita: kapasita ya µF 6.8 kwa mfululizo, koili ya mH 0.33 sambamba, kisha rezista mbili za kupunguza kabla ya twita: omu 3.6 kwa mfululizo na omu 3.9 sambamba. Hizo zinashusha desibeli 8 huku mzigo ukibaki omu 6. Desibeli 8 zinatoka wapi? Twita ina 91, wufa 87, na tunaishusha wufa desibeli 4 zaidi ili sauti za kati zishuke kukutana na besi iliyopotelea nyuma. Kama monita zitakaa ukutani kabisa, 3 badala ya hizo 4 zinatosha, kwa sababu ukuta unarudisha besi. Zikikaa mbali na ukuta, nenda hadi 5.

Linganisha na kikokotoo: kwa omu 8 na Hz 2,200 kingekupa mH 1.16 na µF 4.5 upande wa wufa. Tofauti hiyo ndiyo pua inayosikika.

### Mpangilio wa kurekebisha

Anza na wufa peke yake. Ongeza au punguza koili hadi mstari kati ya Hz 200 na 1,500 ulale. Kisha badilisha kapasita hadi mteremko ulingane na lengo. Halafu twita: kiwango kwanza kwa rezista, umbo baadaye kwa kapasita na koili. Ukibadilisha vyote kwa pamoja utazunguka siku nzima.

Sasa tazama fazi. Kuanzia Hz 1,100 hadi 4,400, mistari miwili itembee pamoja, isiachane zaidi ya nyuzi 30. Wufa ikichelewa kwa sababu ya kurudi nyuma, ipe wufa mteremko mpole kidogo au twita mkali zaidi, kisha angalia tena.

Hakiki mambo mengine mawili. Impidensi ya mfumo mzima isishuke chini ya omu 6.4 kama utaiita monita ya omu 8, au 3.2 ukiiita ya omu 4. Na volti inayofika kwenye twita kwa Hz 950 iwe imeshuka walau desibeli 15, la sivyo kuba litachoka mapema.

Tahadhari kwa wapenda grafu nyoofu. Kilima cha desibeli 1.5 kinachoonekana nyuzi 0 na kutoweka nyuzi 15 kimeletwa na kingo za kasha. Usikifukuze kwa vipuri. Ukikiondoa mbele, utachimba shimo kwenye pembe nyingine zote, na hizo ndizo zinazojaza chumba. Amua kwa wastani wa nyuzi 0 hadi 30.

Mafanikio yanaonekana hivi. Wastani huo unakaa ndani ya ±desibeli 2 kati ya Hz 150 na 15,000, na grafu za nyuzi 30, 45 na 60 zinashuka kwa ulaini bila bonde wala tumbo karibu na Hz 2,200.

## Hatua ya 7: Unda krosova

Sasa nunua vipuri. Kapasita ya mfululizo ya twita iwe ya polipropileni. Ya kisawazishi inaweza kuwa ya elektroliti isiyo na chanya na hasi. Huko hutasikia tofauti, na pesa iliyobaki iende kwenye koili. Koili ya wufa isizidi omu 0.4 za ukinzani. Rezista ziwe za wati 10, na uziinue mm 5 juu ya ubao kwa kuwa zinapata joto.

Pima kila kipuri na ugawe kwa jozi, kushoto na kulia zikaribiane kwa asilimia 2. Hilo lina faida kuliko kununua aina ya ghali zaidi.

Koili mbili zikilala pamoja zinaambukizana umeme kwa sumaku. Weka moja ikiwa imelala na nyingine imesimama, mbali walau cm 10, na mbali na sumaku ya wufa. Zifunge kwa gundi na vibanio vya plastiki. Skrubu ya chuma ikipita katikati ya koili inabadilisha thamani yake.

Usilehemu bado. Unganisha kwa klipu nje ya kasha na upime kwanza.

## Hatua ya 8: Jaribio la kugeuza twita

Rudisha maikrofoni mita 1 mbele ya twita, monita ikiwa na krosova kamili. Pima. Halafu geuza nyaya za twita, chanya iwe hasi, na upime tena.

Ikiwa fazi zinalingana, kipimo cha pili kitaonyesha bonde refu kwenye Hz 2,200, walau desibeli 20, lenye mbavu mbili zinazofanana. Bonde hilo ni ushahidi mzuri kuliko masikio.

- Bonde ni fupi, chini ya desibeli 12: fazi hazijalingana au viwango vimepishana. Linganisha kila spika peke yake na ulivyoigiza. Kipuri kimojawapo kitakuwa na thamani isiyo yake.
- Bonde limehamia Hz 1,700 au 2,800: masafa ya kukatia siyo uliyobuni. Pima koili kwanza.
- Bonde linarefuka ukishusha au kuinua maikrofoni cm 10: krosova inaelekeza sauti chini au juu. Rekebisha fazi, au inamisha monita kidogo.
- Bonde linatokea kabla ya kugeuza: twita ilifungwa kinyume tangu mwanzo. Geuza nyaya na urudie majaribio yote mawili.

Ukiridhika, rudisha nyaya zilivyokuwa, lehemu, funga ndani ya kasha na upime tena. Pima na ya pili. Kati ya Hz 200 na 10,000 zisipishane zaidi ya desibeli 1, kwani zikipishana sauti ya katikati haitasimama katikati.

## Hatua ya 9: Ziweke na uzirekebishe kidogo kidogo

Kichwa chako na monita mbili vifanye pembetatu ya pande sawa, mita 1 hadi 1.2, twita kwenye kimo cha sikio. Zisilazwe ubavu. Vitovu vikiwa mm 138, kuna mfuto wa sauti takriban nyuzi 34 juu na chini ya mstari wa twita kwa masafa ya kukatia. Ukiilaza monita, mfuto huo unakuja kushoto na kulia, kwenye kiti chako.

Umbali wa uso wa monita hadi ukuta wa nyuma yake nao huchimba shimo, kwenye 343 ÷ (4 × umbali kwa mita). Mita 0.6 inakupa Hz 143, katikati ya gitaa la besi. Monita yetu ikisogezwa hadi cm 5 kutoka ukutani, uso wake uko cm 28, na shimo linapanda hadi Hz 306, ambako pamba nzito ya ukutani inaweza kulipunguza. Sogeza kwanza, ndipo ufikirie ikwalaiza.

Twita ikisikika kali au hafifu baada ya siku chache za kusikiliza rekodi unazozijua vizuri, badilisha rezista ya mfululizo peke yake. Kutoka omu 3.6 hadi 3.3 inapanda karibu nusu desibeli, kwenda 3.9 inashuka kiasi hicho hicho. Badilisha monita zote mbili kwa wakati mmoja, na usipite hatua moja kabla ya kusikiliza tena.